Mali bila daftari, hata jeshini

Mwishoni mwa mwaka 1990, bandari ya Dammam nchini Saudi Arabia ilijaa makontena hadi yakakosa pa kupangwa. Iraq iliivamia Kuwait Agosti 2, na siku tano baadaye Marekani ikaanza kumimina jangwani askari, vifaru, risasi, mahema, maji na chakula. Ndani ya miezi sita askari wake zaidi ya 500,000 walikuwa wamefika, na mzigo wao nao ulikuwa umefika. Kasoro ilikuwa moja: mara nyingi hakuna aliyejua kitu gani kimo kwenye kontena lipi. Kati ya makontena takriban 40,000 yaliyopelekwa Ghuba, zaidi ya nusu ilibidi yafunguliwe, yapekuliwe na kufungwa tena ili ijulikane tu yamebeba nini.

Watu wa ugavi waliyaita malundo yale milima ya chuma. Fundi aliyekuwa akisubiri kipuri cha kifaru aliandika ombi, akakaa siku kadhaa bila jibu, akaandika la pili na la tatu, kila moja likiwa na alama ya dharura. Alifanya hivyo kwa sababu hakuna aliyeweza kumwambia kama kipuri chake kiko melini, bandarini au hakijatoka kabisa Marekani. Maombi yalipokuwa yote ya dharura, alama ile ikakosa maana. Meli zikaendelea kuleta vitu vilivyokwisha kuletwa, na milima ikazidi kurefuka.

Aliyesimamia ugavi wa jeshi la nchi kavu la Marekani katika Vita vya Ghuba, Jenerali William Pagonis, alisifiwa sana na akapandishwa cheo mapigano yakiendelea. Lakini chombo alichokitegemea kupata habari kutoka kwa walio chini yake kilikuwa vikadi vya karatasi vya inchi tatu kwa tano. Jeshi tajiri kuliko yote duniani lilikuwa na ndege za kubeba vifaru, ila halikuwa na daftari moja lililoaminika. Waswahili wanasema mali bila daftari hupotea bila habari. Kule Dammam mali haikupotea, ilikuwepo pale pale ikitazamwa, na bado habari zake hazikupatikana.

Aibu ile ndiyo iliyofungua milango ya majeshi kwa programu ambazo awali zilitengenezwa kwa ajili ya viwanda, benki na maduka makubwa. Zaidi ya miaka 30 imepita, mabilioni ya dola yametumika, na majibu yaliyopatikana yanazihusu pia serikali zetu, zinazopeleka vikosi Kongo, Somalia na Afrika ya Kati.

Mpango wa wiki, kazi ya saa

Dalili ya kwanza kwamba kompyuta inaweza kubadili mambo ilionekana katika vita hivyo hivyo. Kuhamisha jeshi ni hesabu ngumu. Kikosi kinahitaji meli, meli inahitaji gati, gati linahitaji winchi, na mzigo ukishateremshwa unahitaji malori yenye madereva na mafuta. Ukibadilisha tarehe ya meli moja, mambo mengi yanayoitegemea nayo hubadilika. Maofisa walikuwa wakiipanga kazi hiyo kwa wiki kadhaa, na mpango ulipokamilika hali ilikwisha geuka.

Wakala wa utafiti wa wizara ya ulinzi ya Marekani, DARPA, ulileta programu iliyoitwa DART. Iliweza kupanga safari za magari, mizigo na watu hadi 50,000 kwa pamoja, ikizingatia mahali pa kuanzia, mahali pa kufikia, njia na mgongano kati ya mahitaji. Mpango uliokuwa ukichukua wiki ukapatikana kwa saa. Wakala huo ulitamka baadaye kwamba kazi ya DART peke yake ilikuwa imerudisha fedha ulizowekeza katika utafiti wa akili bandia kwa miaka 30.

Hata hivyo, DART ilipanga safari tu. Haikuweza kumwambia ofisa kama lori aliloliweka kwenye mpango linawaka au liko juu ya mawe bila gurudumu. Hiyo ilikuwa kazi ya mifumo iliyokuja baadaye.

Daftari moja kwa wote

Msomaji wa Tanzania aliyewahi kupeleka zabuni kupitia NeST, au wa Kenya anayeujua mfumo wa fedha za serikali wa IFMIS, ana picha ya mahali pa kuanzia. Programu za aina hii huziweka shughuli za taasisi nzima kwenye kumbukumbu moja. Mtunza ghala anapotoa betri, salio la ghala hupungua, kitabu cha matengenezo cha gari husika huandikwa, fungu la bajeti hukatwa, na kama akiba imeshuka chini ya kiwango, ombi la kununua nyingine huanza safari yake. Mtu mmoja ameandika mara moja, na wanne wamepata habari.

Kabla ya hapo kila idara jeshini ilikuwa na mfumo wake. Ghala lilikuwa na wake, karakana wake, silaha wake, uhasibu wake. Mifumo hiyo haikusemezana, au ilipelekeana habari usiku kwa mafungu, hivyo kamanda alisoma asubuhi mambo ya jana au juzi. Jeshi la nchi kavu la Marekani liliunganisha shughuli hizo za vikosini katika mfumo unaoitwa GCSS-Army, uliojengwa juu ya programu ya SAP, kampuni ya Ujerumani ambayo bidhaa zake huendesha viwanda vingi duniani. Kazi ya kuusambaza ilikamilika mwaka 2017, na watumiaji wake ni zaidi ya 100,000. Jeshi la Ujerumani nalo lina mfumo wake uliojengwa juu ya programu hizo hizo.

Faida yake huonekana siku ya amri ya ghafla. Katika kambi ya Fort Bragg, jimbo la North Carolina, Divisheni ya 82 ya askari wa miavuli huweka kikosi cha zamu kinachotakiwa kuwa angani ndani ya saa 18 tangu kuitwa. Hilo lilitokea mkesha wa mwaka mpya wa 2020, pale ubalozi wa Marekani mjini Baghdad uliposhambuliwa na waandamanaji. Askari wa kwanza waliondoka kwenda Kuwait ndani ya saa chache, na siku zilizofuata ikafuata sehemu kubwa ya brigedi.

Katika saa hizo hakuna nafasi ya kutuma karani akahesabu. Ndege ya C-17 hubeba takriban tani 77, na mzigo wake lazima upangwe kwa uzito na mizani, mbele na nyuma, la sivyo ndege haitoki salama. Kwa hiyo uzito wa kila gari, urefu wake, mafuta na risasi zilizomo lazima viwe vimeandikwa kabla. Ni lazima pia ijulikane gari lipi ni zima, askari yupi amechanjwa, na kipuri kipi kitangulie. Kama kumbukumbu inasema gari lina tani nane, na wiki iliyopita mafundi waliliongezea bamba za chuma bila kuandika, mpango mzima umeharibika kabla rubani hajawasha injini.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo zima. Saa 18 zile huandaliwa miezi mingi kabla, na sajenti wa ghala anayekataa kuandika "lipo" mahali ambapo kitu hakipo.

Redio ilipofika mwisho wa wigo

Marekani ilirudi Ghuba mwaka 2003, safari hii kuivamia Iraq, ikiamini imejifunza. Jenerali Tommy Franks alikuwa ameagiza mwaka uliotangulia kwamba kila kontena linaloingia eneo lake la kamandi libandikwe lebo ya redio, kifaa kidogo kinachotangaza kilichomo kila kinapopita karibu na kisomaji. Bandarini Kuwait makontena yalitambuliwa haraka kuliko mwaka 1991.

Shida ilianza baada ya mpaka. Vikosi vya mbele vilikimbia kuelekea Baghdad kwa kasi ambayo redio za watu wa ugavi hazikuiweza. Wakawa na kompyuta za kuandikia maombi, lakini bila mawasiliano ya kuyatuma. Baadhi ya mizigo ilifika bila lebo, au lebo haikulingana na kilichomo. Mafundi wakaanza kunyofoa vipuri kwenye magari mabovu ili kuyaponya mengine. Desemba mwaka huo ofisi ya ukaguzi ya bunge la Marekani, GAO, iliripoti tofauti ya dola bilioni 1.2 kati ya thamani ya vifaa vilivyotumwa kwa jeshi la nchi kavu na vile ambavyo vikosi vilikiri kuvipokea.

Uingereza, iliyopigana bega kwa bega na Marekani, ilikuwa na kisa chake. Wakaguzi wake walibaini kwamba seti zipatazo 200,000 za fulana za kuzuia risasi zilikuwa zimetolewa tangu vita vya Kosovo mwaka 1999, idadi iliyozidi mbali mahitaji, na bado baadhi ya askari waliingia Iraq bila kuwa nazo. Fulana zilinunuliwa, zikatolewa, zikatoweka kwenye vitabu.

Funzo la redio zilizoshindwa njiani lilikuwa la moja kwa moja, na jeshi la Marekani lililipokea. Miaka iliyofuata liliwagawia watu wa ugavi vyombo vyao vya setilaiti, ili ombi la kipuri lisisubiri foleni nyuma ya mawasiliano ya wapiganaji. Programu ya ghala ikihitaji mtandao na mtandao haupo, askari hurudi kwenye karatasi siku ile ile, na karatasi hiyo mara nyingi haiingizwi tena kwenye mfumo.

Bilioni moja iliyoishia kapuni

Si kila jeshi lililonunua programu lilipata lilichotaka. Jeshi la anga la Marekani lilianza mradi wa ECSS katikati ya miaka ya 2000, likitumia programu za Oracle, kwa lengo la kufuta zaidi ya mifumo 200 ya zamani ya ugavi. Mradi ulifutwa Novemba 2012 baada ya kula takriban dola bilioni moja, bila uwezo wowote wa maana wa kuonyesha. Kuuendeleza kungehitaji zaidi ya bilioni nyingine moja, kwa robo tu ya kazi iliyoahidiwa.

Maseneta Carl Levin na John McCain, mmoja wa chama cha Democratic na mwingine Republican, walisimamia uchunguzi uliotoa ripoti mwaka 2014. Maelezo yake hayakuhusu sana kompyuta. Jeshi la anga halikuwa linaelewa kwa undani mifumo yake ya zamani kabla ya kuanza kuibadilisha, wakuu wa mradi walibadilika mara kwa mara, na vitengo vilipinga kuacha taratibu vilizozizoea. Kila kitengo kilitaka programu ifuate desturi yake, na kila badiliko la namna hiyo liliongeza gharama.

Upinzani huo una sababu ambayo vitabu vya mafunzo huipitia haraka. Katika jeshi lolote, ripoti ya utayari hupanda ngazi ikizidi kupendeza. Kombania yenye malori 20, kumi na mawili yakitembea, huandika kumi na tano ili kamanda asiulizwe. Brigedi hukusanya namba hizo na kuzizungusha juu kidogo. Makao makuu hupokea picha ya jeshi lisilokuwepo. Mfumo unaofungamanisha kitabu cha karakana na ripoti ya utayari humnyang'anya kila mtu nafasi hiyo ya kupamba. Lori lisilo na kipuri linabaki jekundu kwenye skrini mpaka kipuri kifungwe. Wengi wanaosema programu ni ngumu kutumia wanasema kweli, lakini baadhi yao ugumu unaowasumbua ni huo wa kuonekana.

Kutoka Brindisi hadi Entebbe

Kwa Afrika Mashariki, somo la kuchelewa kufika halihitaji mfano wa Ghuba. Mei 17, 1994, wakati mauaji ya kimbari yakiendelea Rwanda, Baraza la Usalama liliidhinisha kikosi cha askari 5,500. Marekani ilikubali kutoa magari 50 ya deraya, kisha yakaja mabishano kuhusu masharti na gharama za kuyakodisha. Yalipofika Entebbe, Uganda, mwishoni mwa Juni, yalikuwa hayana bunduki wala redio, na bado yalihitaji malori ya kuyabeba hadi Kigali. Waasi wa RPF waliutwaa mji huo Julai 4. Hadi Julai 25 askari wa Umoja wa Mataifa waliokuwepo nchini walikuwa takriban 550, sehemu moja ya kumi ya idadi iliyoidhinishwa.

Hakuna programu ambayo ingelimaliza janga lile. Kilichokosekana kwanza kilikuwa nia ya nchi zenye uwezo. Lakini ucheleweshaji uliofuata baada ya nia kupatikana, wa mikataba, vipuri na usafiri, ulikuwa wa aina inayotibika, na Umoja wa Mataifa ulianza kuutibu. Mwaka 2000 jopo la Lakhdar Brahimi, mwanadiplomasia wa Algeria, lilipendekeza ujumbe wa kawaida wa kulinda amani uwe umefika ndani ya siku 30 na ule mgumu ndani ya siku 90. Akiba ya vifaa vya kuanzia ujumbe ikawekwa Brindisi, kusini mwa Italia: majenereta, magari, mahema ya ofisi, mitambo ya kusafisha maji. Mwaka 2010 kituo cha huduma kwa ajili ya jumbe za Afrika kikafunguliwa Entebbe, mji ule ule yalikokwama magari ya mwaka 1994.

Daftari la kuunganisha vituo hivyo lilianza kusambazwa mwaka 2013. Ni mfumo wa SAP ambao Umoja wa Mataifa uliupa jina la Kiswahili, Umoja. Ulijaribiwa kwanza katika ujumbe wa Lebanon mwezi Julai, na Novemba ukaingia katika jumbe nyingine za kulinda amani, ukiwemo ujumbe wa Kongo, ambako mwaka huo huo Tanzania, Afrika Kusini na Malawi zilipeleka brigedi ya kupambana na waasi. Utekelezaji ulichelewa na gharama zikapanda kuliko makadirio ya mwanzo, na watumishi wengi walilalamika. Faida iliyopatikana ni kwamba mtu wa Goma na mtu wa Brindisi walianza kutazama salio moja.

Mifumo hii inazigusa nchi zetu mfukoni. Nchi inayopeleka kikosi hulipwa kwa askari na pia kwa vifaa vyake, na wakaguzi hupita mara kwa mara kuhesabu. Kwa magari, kanuni hudai walau asilimia 90 ya idadi iliyokubaliwa yawe yanafanya kazi. Ikipungua, malipo hukatwa. Kikosi ambacho karani wake anajua lini kila gari litahitaji mkanda na lini jenereta litahitaji chujio huagiza mapema, hubaki juu ya kiwango na hulipwa kamili. Kikosi kisichojua hugundua ubovu pamoja na mkaguzi.

Tangu mwaka 2015 Umoja wa Mataifa umekuwa pia na orodha ya kompyuta ya vikosi vilivyo tayari. Nchi huanza kwa kuahidi, kisha huonyesha orodha ya vifaa, kisha hukaguliwa, na ngazi ya juu kabisa ni ya kikosi kinachoweza kuondoka ndani ya siku 60. Umoja wa Afrika umejiwekea kipimo kikali zaidi: jeshi lake la akiba linatakiwa kuweza kuingia kati ndani ya siku 14 pale panapotokea mauaji ya kimbari. Bohari yake kuu ya vifaa ilifunguliwa Douala, Cameroon, Januari 2018. Kutoka Douala hadi mashariki mwa Kongo ni safari ya kuvuka nusu ya bara, na siku 14 hazitoshi hata kuanza kuuliza nani ana nini.

Ghana iliyoiokoa Maersk

Kuweka daftari lote mahali pamoja kuna hatari yake. Juni 27, 2017, kirusi cha NotPetya kilichotupwa Ukraine kilivuka mipaka na kuifikia Maersk ya Denmark, mojawapo ya kampuni kubwa zaidi za meli duniani, ambayo tawi lake la Marekani hubeba pia mizigo ya kijeshi. Bandari zake kadhaa zilisimama kwa siku nyingi. Kumbukumbu za kuendeshea mtandao wake zilifutwa dunia nzima isipokuwa kwenye kompyuta moja nchini Ghana, iliyokuwa nje ya mtandao kwa sababu umeme ulikatika. Mfanyakazi wa Ghana hakuwa na viza ya Uingereza, hivyo diski ikapelekwa Nigeria, ikakabidhiwa mwenzake uwanjani, naye akairusha London. Kampuni ilipoteza kati ya dola milioni 250 na 300.

Majeshi yana sababu ya ziada ya kuhofu, kwa kuwa mizigo yao mingi husafirishwa na kampuni za kiraia. Kamati ya Seneti ya Marekani ilibaini mwaka 2014 kwamba katika mwaka mmoja makandarasi wa usafirishaji wa kijeshi walivamiwa kimtandao takriban mara 50, angalau mara 20 na wadukuzi waliohusishwa na China, huku kamandi ya usafirishaji ikiwa na habari za visa viwili tu. Adui anayejua meli ipi imebeba nini hahitaji jasusi bandarini.

Kabla ya kusaini hundi

Kwa serikali za ukanda huu, ambazo bajeti za ulinzi ni ndogo na makampuni ya kuuza mifumo yako mlangoni kila mwaka, kinachofaa kununuliwa kwanza ni cha bei rahisi. Hesabu ya kweli ya maghala, kitu kwa kitu, ikifanywa na watu wasioyasimamia maghala hayo. Namba moja kwa kila aina ya kipuri nchi nzima, ili betri isiitwe majina manne katika kambi nne. Mafunzo na cheo kwa mtunza ghala, kwa kuwa katika majeshi mengi hiyo ni kazi anayopewa asiyefaa kwingine. Na zoezi la kushtukiza, mara kadhaa kwa mwaka, ambalo kikosi kinaamriwa kuondoka na orodha yake inalinganishwa na kilichopandishwa kwenye malori.

Bila hayo, programu ya mamilioni itahifadhi uongo kwa mpangilio mzuri zaidi. Pakiwa na hayo, hata mfumo wa wastani utaleta faida, si kwa vita tu. Jeshi hilo hilo ndilo linaloitwa mafuriko yanapovunja madaraja, na mwathirika wa mafuriko anahitaji mahema leo, si baada ya mtu kufungua makontena 200 kuyatafuta.

Kamati ya bunge inayoletewa ombi la fedha za mfumo kama huu inaweza kuanza na swali moja ambalo halihitaji utaalamu wa kompyuta. Iulize ni magari mangapi ya kikosi fulani yanaweza kuondoka kesho asubuhi, kisha iende kambini alfajiri na kuyahesabu. Namba mbili zikitofautiana, kamati itakuwa imejua fedha zianzie wapi.